Kabla Udongo Haujakauka: Bustani ya Nyumbani Mwanzoni mwa Kiangazi

Mvua za masika zikishakatika kuna majuma matatu, pengine manne, ambayo udongo wa nyuma ya nyumba unakuwa katika hali usiyoipata tena mpaka vuli. Juu umeanza kukauka, jembe linaingia bila kushika tope, lakini ukichimba kina cha kiganja unakuta unyevu. Hapa kwetu, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, majuma hayo huangukia mwishoni mwa Mei na ndani ya Juni. Wengi tunayapoteza. Mpunga unavunwa, mahindi yanasubiriwa yakauke, shughuli za harusi zimeanza, na bustani inaonekana ni kazi ya baadaye. Ikifika Agosti udongo umekuwa tofali, fungu la mchicha sokoni limepungua unene, ndipo watu wanakumbuka kutafuta mbegu.

Niseme kwanza juu ya neno kiangazi lenyewe, maana linaweza kuleta utata. Visiwani Zanzibar na sehemu za pwani, Juni hadi Agosti ni kipupwe, wakati wa ubaridi na upepo wa kusi, na kiangazi chao ni lile joto la Januari na Februari kabla ya masika. Huku kwetu bara tukisema kiangazi tunamaanisha muda wote usio na mvua, tangu masika yakatike hadi vuli. Anayesoma haya akiwa Dodoma au Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja, asogeze kalenda yangu nyuma kwa mwezi mmoja hivi. Tarehe zinatofautiana kila mahali na kila mwaka, kwa hiyo ni bora kuuliza udongo.

Namna ya kuuliza nilifundishwa na bibi mmoja wa kikundi chetu cha bustani. Alifika nyumbani Jumamosi moja asubuhi, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anapita moja kwa moja kwenda uani, kiti nilichomtolea hakukitazama. Aliinama, akapenyeza mkono kwenye udongo mpaka karibu na kifundo, akatoa konzi moja, akaifumba ngumi kwa nguvu. Alipoifumbua lilibaki donge lenye alama za vidole vyake. Akaligusa kwa kidole gumba, likavunjika vipande vitatu. "Mwanangu," akasema, "hapa usilete maji. Lete mbegu."

Ndicho kipimo hicho. Donge likitoa maji au likinata mkononi kama tope la tofali, subiri siku chache, maana ukilima sasa unaushindilia udongo na utakapokauka hautapitisha mizizi. Donge likikataa kabisa kujifunga na kumwagika kama mchanga, umechelewa. Mwagilia kwa wingi, acha siku moja, kisha ulime. Udongo wa kichanga haufungiki vizuri hata ukiwa na unyevu, kwa hiyo mwenye udongo huo apime kwa ubaridi wa mkono zaidi kuliko kwa donge.

Tuta la kuzama

Wakati wa masika tunanyanyua matuta ili maji yapite yasiozeshe mizizi. Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kuendelea na matuta hayohayo ya juu wakati wa kiangazi. Tuta lililonyanyuliwa linapigwa na upepo pande zote na linakauka upesi, na maji unayomwaga juu yanateremka kwenye njia na kunywesha magugu. Kiangazi kinataka kinyume chake. Chimba tuta lizame kiasi cha kiganja kimoja chini ya usawa wa ardhi, ule udongo wa juu wenye rutuba uuweke pembeni, wa chini utumie kujenga ukingo kuzunguka tuta, kisha rudisha udongo wa juu uliouchanganya na samadi. Maafisa ugani huliita tuta la mbonyeo. Kila ndoo unayomwaga inabaki humo.

Upana usizidi mita 1, ili mtu afike katikati kwa mkono akiwa amechuchumaa nje bila kukanyaga ndani. Urefu ni wa nafasi uliyo nayo. Mimi nimezoea mita 5, kwa sababu nitakayoieleza nikifika kwenye maji.

Angalia jua kabla hujachimba. Juni jua linapita upande wa kaskazini. Hapa Morogoro, saa sita mchana ya mwezi huo, ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha karibu mita 1.7 kuelekea kusini. Aliyeweka kitalu chake mgongoni mwa nyumba, upande wa kusini, anashangaa miche inakuwa mirefu na dhaifu kama inatafuta kitu. Inatafuta mwanga. Desemba jua likihamia kusini, kivuli nacho kinahamia kaskazini, na sehemu iliyokuwa nzuri Juni inaharibika. Wanaoishi kaskazini ya ikweta, kama kule Eldoret au Gulu, pia watalikuta jua la Juni likiwa upande wa kaskazini, lakini kivuli chao cha mchana ni kifupi zaidi. Mboga za majani zinavumilia kivuli cha nusu siku. Nyanya na bamia zinataka jua saa 6 au zaidi kila siku.

Samadi iwe imeoza. Hili narudia kila ninapoulizwa kwa sababu liliniumiza mwaka wangu wa kwanza: nilimwaga mbolea ya kuku ikiwa ya moto, nikapandikiza sukuma wiki siku ya pili, na kabla wiki haijaisha kingo za majani zikawa kahawia, miche yote ikalala. Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono, haina harufu kali, na huwezi tena kutofautisha majani ndani yake. Mbichi inaunguza, inaleta mbegu za magugu, na inabeba vijidudu vya kuharisha ambavyo vinaishia kwenye kachumbari. Rundika, funika kwa majani ya migomba, geuza kila baada ya wiki mbili au tatu, upe miezi mitatu. Kwa tuta la mita 1 kwa 5, ndoo mbili za lita 20 za samadi ya ng'ombe au mbuzi zinatosha. Ya kuku weka nusu ya hapo, maana ina nguvu.

Kisha funika. Nyasi kavu zisizo na mbegu, maganda ya mpunga au majani makavu ya migomba, unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka kila shina ili lisioze. Matandazo haya yanazuia jua na upepo kunyonya maji ya juu, na magugu yanakosa nafasi. Sehemu zenye mchwa wengi usitandaze nyasi kavu nene karibu na mashina. Tumia majani mabichi kidogo kidogo au mboji iliyokolea, na kagua mara kwa mara.

Ndoo moja, tuta moja

Watu wengi wanaacha bustani kiangazi kwa hofu ya maji, na wengi wao hawajawahi kuyahesabu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Bustani ya mboga kwenye jua kavu inapoteza takriban milimita 4 hadi 5 kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 5 ni mita 5 za mraba, kwa hiyo linahitaji lita 20 hadi 25 kwa siku: ndoo moja, au moja na kidogo. Ndiyo maana napenda mita 5. Mtoto anaweza kuambiwa "tuta moja ndoo moja" na akaelewa. Ukiwa na matandazo mazito, na katika ubaridi wa Juni na Julai, unaweza kumwaga ndoo hiyo siku moja na kuruka moja. Septemba na Oktoba usiruke.

Mwaga maji kwa kishindo kidogo, chini ya majani, kwa keni au kopo lililotobolewa. Bora mara moja kwa wingi kuliko mara tatu za kunyunyiza, kwa sababu maji ya kunyunyiza yanalowesha juu tu na mizizi inabaki kupanda juu kuyafuata, halafu jua la mchana linaikausha. Asubuhi ni bora kuliko jioni miezi hii ya ubaridi: majani yanayolala na umande pamoja na maji yako ndiyo yanayopata ukungu.

Maji ya nyumbani yatenganishe. Yaliyooshea mchele, mboga na matunda peleka moja kwa moja kwenye tuta. Ya sabuni ya kufulia na kuoshea vyombo usiyaelekeze kwenye mboga za majani. Yape migomba, mipapai na matembele yanayotambaa karibu na bafu, na hata hapo badilisha mahali, chumvi za sabuni zisijikusanye sehemu moja. Mwenye bati asisahau matone ya mwisho ya msimu. Paa la mita 40 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 10 tu linatoa karibu lita 400, ukiondoa kidogo kinachopotea. Pipa likae na mfuniko au wavu, maana mbu wanaoeneza dengue wanapenda maji masafi yaliyosimama karibu na nyumba.

Miche michache isiyo na maji karibu inasaidiwa na chupa ya lita moja na nusu: toboa mfuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, zika kichwa chini kando ya shina, jaza. Kwa nyanya sita au mpapai mchanga inafaa sana. Kwa bustani nzima ya mchicha ni kupoteza muda.

Hesabu ya kitalu ndiyo hesabu ya kikundi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Tuta la mita 5 likipandwa sukuma wiki mistari miwili, kwa nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche, linachukua miche kama 22. Kitalu cha mita moja ya mraba tu, ukisia kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 15, kinatoa zaidi ya miche 200. Yaani kitalu cha ukubwa wa meza ya kulia kinalisha kaya kumi, na pakiti ndogo ya mbegu ambayo mtu mmoja angeitumia robo na kuiacha iharibike inatumika yote. Kazi ya kitalu ni ileile ukiwa na miche 20 au 200: kivuli kilekile, mtu yuleyule wa kumwagilia asubuhi. Kaya kumi zikiwa na vitalu kumi, zinatumia mara kumi ya mbegu, maji na usumbufu.

Kwa sababu hiyo naamini kikundi cha bustani cha kijiji kianze na kitalu cha pamoja kabla ya jambo jingine lolote, kabla ya katiba, mihuri na akaunti. Chagueni uwanja wa mwanachama aliye karibu na maji na ambaye kuku wake wamefungiwa. Jengeni uchanja wa nyasi usimame upande mmoja mita moja na upande wa pili chini kidogo. Pangeni zamu za wiki, majina yabandikwe mlangoni. Sukuma wiki, kabichi, nyanya, biringanya na nyanya chungu zinakaa kitaluni majuma manne hadi sita. Siku saba za mwisho punguzeni maji na kivuli ili miche ikomae. Kuhamisha iwe jioni, kwa udongo uliolowa, na kila mtu aondoke na miche yake ikiwa imefungwa kwa jani la mgomba.

Adui wa kitalu ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoikata miche usawa wa udongo ikaanguka kama imefyekwa. Chanzo karibu kila mara ni mbegu zilizobanana na maji ya kupita kiasi. Sieni kwa nafasi, punguzeni miche iliyosongamana ingali midogo, mwagilieni asubuhi tu, na msirudie kitalu mahali pamoja.

Mbegu zijaribiwe kabla ya kusiwa. Mwaka fulani tulinunua nyanya kwenye duka moja la pembejeo, pakiti nzuri yenye picha, tukasia zote siku hiyohiyo. Siku ya kumi kitalu kilikuwa karibu kitupu. Tulipohesabu mbegu 50 zilizokuwa zimebaki katika pakiti ya pili na kuzifunga kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, zikachipua 11. Tungefanya hivyo mwanzo, tungepoteza wiki moja. Tulipoteza mwezi, na ule unyevu wa Juni tukaukosa. Sasa ni kanuni: mbegu 50, kitambaa chenye unyevu, sahani iliyofunikwa, mahali pa joto jikoni. Mchicha unajibu ndani ya siku tatu hadi tano, nyanya siku tano hadi nane. Zikichipua 40 na zaidi, sia kwa kawaida. Zikiwa 25, sia mara mbili. Chini ya hapo rudisha dukani, na risiti mkononi. Someni pia tarehe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania.

Mbegu za asili mnaweza kuzitunza wenyewe kwa matumizi ya nyumbani: mchicha, mnavu, mgagani, bamia, kunde. Acheni mimea mitano au kumi iliyo bora kuliko yote ikomae, msichume hata jani. Tamaa hapa inaharibu ukoo wa mbegu, kwa sababu watu huchuma mimea mizuri na kuachia mbegu ile iliyodumaa. Kausheni kivulini, hifadhini kwenye chupa kavu yenye kipande cha mkaa na mfuniko wa kubana. Msitunze mbegu kutoka kwenye chotara. Kizazi chake cha pili hakifanani na mama. Na msihangaike na sukuma wiki wala kabichi kwenye maeneo ya joto, maana mimea hiyo haitoi maua bila kupita kwenye baridi ya kutosha, ndiyo sababu mbegu zake hutoka sehemu zenye baridi. Kuuza mbegu ni jambo jingine kabisa, lina sheria yake. Muulizeni afisa ugani kwanza. Wanaotaka kujifunza zaidi kuhusu mboga za asili wakumbuke kwamba Kituo cha Mboga cha Dunia kina tawi karibu na Arusha tangu 1992, na ghala lake linahifadhi mbegu za mboga za Kiafrika ambazo vijijini kwetu zilikuwa zinaanza kusahaulika.

Nini sasa, nini baadaye

Ubaridi wa Juni na Julai ni wa sukuma wiki, kabichi, karoti, figili, spinachi, vitunguu na saladi. Karoti zisiwe kitaluni, hazipendi kuhamishwa. Sia moja kwa moja, punguza mapema, subiri miezi mitatu. Mchicha unaota mwaka mzima lakini sasa unakwenda polepole, badala ya majuma matatu utasubiri manne au zaidi. Usisie tuta zima kwa siku moja. Gawa sehemu tatu, sia moja kila baada ya siku kumi, na ukifika ya tatu ile ya kwanza inakaribia kuchumwa. Bamia na kunde zingoje Agosti joto linaporudi.

Matembele hayana kalenda. Kata marando yenye urefu wa shubiri moja na nusu, fukia nusu, na baada ya mwezi au mwezi na nusu unachuma. Kila nyumba iwe na kona ya matembele hata kama haina kitu kingine. Asiye na ardhi atumie gunia: udongo uliochanganywa na samadi, nguzo ya kokoto katikati kuanzia chini hadi juu ya kupitishia maji, matundu ubavuni ya kupandia miche.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mmoja ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa kaya ya watu 6 hizo ni kilo 2 na gramu 400 kila siku. Tuta moja halifiki hapo, na sitaki kumdanganya mtu. Matuta matatu, mipapai miwili na gunia la matembele yanakaribia, na tofauti unaiona kwenye sahani za watoto.

Na mboga ikifika jikoni isiharibiwe. Magadi yanalainisha mnavu na mlenda haraka, lakini yanaharibu vitamini C. Osha kabla ya kukata, pika muda mfupi, usimwage maji yake, na weka mafuta kidogo au karanga, kwa kuwa vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani haichukuliwi vizuri na mwili bila mafuta.

Wadudu

Mwanzo wa kiangazi ni wa vidukari na sota. Sota anakata mche usiku na kujificha udongoni palepale. Fukua kidole kimoja chini kuzunguka mche ulioanguka asubuhi, utamkuta amejikunja. Vidukari wanafichama chini ya majani ya kabichi na sukuma. Wakiwa wachache waponde kwa vidole. Wakizidi, kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, ukijaribu kwanza kwenye majani mawili na kusubiri hadi kesho yake. Utitiri mwekundu utakuja na joto la Septemba, majani ya nyanya yakiwa na vitone vya njano na utando mwembamba. Mmea unaopata maji ya kutosha unamvumilia zaidi.

Kantangaze ni habari nyingine. Mdudu huyu wa nyanya asili yake ni Amerika ya Kusini, na aligunduliwa Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake anakula ndani ya jani na kuacha mabaka meupe kama ramani, kisha anatoboa tunda karibu na kikonyo. Akiachwa anaweza kumaliza shamba zima. Chuma majani yenye mabaka kila siku, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani, usiyatupe kwenye mboji. Usipande nyanya mahali palipotoka nyanya, biringanya, viazi mviringo au mnavu, maana zote ni jamaa moja. Hapa pia kikundi kinahitajika: ukisafisha kwako na jirani akaacha kwake, nondo anavuka ua usiku mmoja.

Nawasihi wasomaji kuhusu dawa za dukani. Kwa bustani ya chakula cha nyumbani karibu kila mara unaweza kuishi bila hizo. Ukilazimika, nunua iliyosajiliwa, usipimiwe kwenye chupa ya soda, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uzihesabu kwenye kalenda. Mtoto hajui kwamba tuta lilipuliziwa jana. Na dawa ya tumbaku ambayo watu wanashauriana mitaani iacheni: nikotini ni sumu kwa binadamu, na tumbaku inaweza kupeleka kwenye nyanya ugonjwa wa virusi usio na tiba. Aliyevuta sigara au kugusa ugoro anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika mche.

Kikundi kidumu

Nimeona vikundi vikizaliwa kwa shangwe na kufa kabla ya mavuno ya kwanza. Vinavyokufa vina dalili moja, mikutano yao ni ya kuzungumza. Chetu hukutana Jumamosi mbili kwa mwezi, kila mara kwenye uwanja wa mwanachama mwingine, na kabla ya mtu kukaa tunazunguka bustani yake. Mwenye nyumba anasema kilichoota na kilichokufa. Mwanzoni watu walikuwa wanaficha vilivyokufa. Tulipoanza kuviandika kwenye daftari, tarehe ya kusia, tarehe ya kuhamisha, kilichokufa na tunachodhani kilikiua, tulipata elimu ambayo hakuna semina iliyotupa. Sasa tunajua, kwa mfano, kwamba upande wa mto kabichi zinazohamishwa baada ya katikati ya Julai zinakutwa na joto kabla hazijafunga.

Maji ndiyo chanzo cha ugomvi, kwa hiyo zamu za kisima ziandikwe na zisibadilishwe kwa maneno ya mdomo. Mbegu za kikundi zisikae kwa mwenyekiti peke yake. Ziwe nyumba mbili. Mchango uwe mdogo kiasi kwamba mjane asione aibu kuja.

Mkishasimama, jiandikisheni kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kwa sheria, tangu 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na ikarejeshwa 2024, kwa hiyo ulizeni utaratibu uliopo sasa. Lakini nawaomba msikope kabla ya msimu mmoja mzima wa daftari. Kikundi kinachojua tuta lake linatoa mafungu mangapi kwa wiki kitajua pia kinaweza kurejesha kiasi gani.

Kwa leo, nenda uani, penyeza mkono kwenye udongo, fumba ngumi. Donge likijifunga na kuvunjika kwa kidole gumba, mwite jirani mmoja, pimeni mita moja ya mraba, na kitalu kianze kabla ya Jumapili.